Neno la Kuoshea Vikombe

Watu wakiniuliza kazi yangu huwaambia nachemsha maji, na wengi hucheka. Wacheke tu. Chai yote inayonadiwa na kampuni yetu ya udalali, hapa kisiwani Mombasa, hupita kwanza mbele ya mabirika yangu matatu, na maji yasipochemka sawasawa hakuna mwonjaji atakayekuambia jambo la maana. Naitwa Tsofa. Nimechemsha maji miaka thelathini. Lakini sikukaa kuandika haya ili nijisifu, ingawa nikipata upenyo sitauacha. Namwandika Kadzo, mzaliwa wa Kaloleni, mkazi wa Bondeni, mwosha vikombe. Na nitaandika kosa langu pia, maana bila kosa langu hadithi hii haipo.

Chumba chetu cha kuonjea kiko ghorofa ya pili, kwenye barabara iendayo Makupa. Kina madirisha makubwa na meza ndefu nyeupe. Majani ya kila fungu la chai hupimwa kwenye mizani ndogo, hutiwa katika kikombe chenye kifuniko, nami namimina maji. Zikitimia dakika sita, chai humiminwa kwenye bakuli jeupe na majani yaliyolowa huwekwa juu ya kifuniko yapate kuonekana. Mwonjaji hupita na kijiko chake. Huvuta funda kwa kishindo, hulizungusha mdomoni, hulitema ndooni, kisha hutamka maneno mawili matatu na karani huyaandika. Mgeni akiusikia mlio ule mara ya kwanza hudhani kuna sinki linazibuliwa. Kwa siku huonjwa mabakuli mia tatu, na yote mia tatu lazima yaoshwe kabla ya kesho.

Mkuu wa waonjaji wakati ule alikuwa Mzee Odera, mtu mfupi mwenye sauti ya upole na sheria moja kali. Ndani ya chumba kile ilikuwa marufuku kulitamka au kuliandika neno la Kiingereza "good". Na nduguye wa Kiswahili, "nzuri", naye alikuwa marufuku. Aliyeteleza aliosha vyombo vyote vya siku ile, awe nani.

"Ukiniambia chai hii ni good," Mzee Odera alikuwa akisema, "umenipa habari za moyo wako. Mnunuzi yuko ng'ambo, hajakuuliza habari za moyo wako. Anataka kujua ndani ya gunia kuna nini."

Nami ni shahidi kwamba sheria haikuwa na upendeleo. Nimemwona mkurugenzi mzima, suti yake ikiwa imetundikwa msumarini, akiosha mabakuli huku jasho linamtoka, kwa sababu tu aliingia asubuhi na kusema "good morning". Mzee Odera alimwambia salamu ina Kiswahili chake.

Kadzo aliajiriwa mwaka 1996, ana miaka ishirini na mitano, elimu ya darasa la nane tu, na mume aliyekwenda Malindi kutafuta kazi akapata mke. Wiki yake ya pili, Mzee Odera alikuwa amechangamka. Akamwita kutoka jikoni, akampa kijiko.

"Onja hiyo, binti. Uniambie ikoje."

Kadzo akaonja. Akafikiri kidogo, kwa adabu kabisa akasema, "Nzuri."

Tulicheka mpaka karani akamwaga wino. Mtu ambaye kazi yake ni kuosha vikombe, utamwadhibu kwa kuosha vikombe? Mzee Odera akakuna kichwa. Mwishowe akamwambia, "Kesho niletee maneno kumi ya kuweka mahali pa hilo. La sivyo utaosha maisha yako yote." Alikuwa anatania. Kadzo hakujua kwamba ni utani, na nadhani hata angejua isingemzuia.

Katika nyumba aliyopanga Bondeni alikaa pamoja na Bi Mwanaesha, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, mama asiyekopesha chochote isipokuwa kamusi. Jioni ile walikaa barazani wakaifungua. Kadzo alitarajia mstari mmoja. Akakuta "good" imejaza ukurasa na kumwagikia wa pili.

"Neno hili ni kapu, mwanangu," Bi Mwanaesha alimwambia. "Kila mtu atia lake, na kapu halikatai."

Wakaanza kulipakua. Mtoto akiitwa good, maana yake msikivu. Kisu ni kikali. Sababu ni ya kutosha. Rafiki ni wa kuaminika. Dawa ni ile inayofaa, fundi ni yule hodari, saa moja "good" ni saa iliyotimia na kupita kidogo, na mtu good ni mwema hata kama hana ustadi wa kitu chochote. Walipofika kwenye "for good", Bi Mwanaesha akaeleza kwamba ndiyo kusema moja kwa moja, kama mtu aliyeondoka asirudi tena. Kadzo akauliza kama basi yule mume wake wa Malindi ameondoka "for good". Akajibiwa ndivyo. Basi akauliza Waingereza walipata wapi uzuri katika hilo. Bi Mwanaesha alimwambia aliandike, wasonge mbele.

Hata hivyo maneno kumi aliyoyaleta asubuhi hayakutoka kwenye kamusi. Alikuwa amepitia soko la Marikiti, akasimama kati ya wapagazi akiwasikiliza wauzaji. Aligundua jambo ambalo mimi, mzaliwa wa hapa, nilikuwa sijaliona: anayejua bidhaa yake hasemi ni nzuri. Muuza machungwa anasema yana maji. Wa muhogo anasema ni wa unga. Nazi imekomaa, tungule zimeshika, pilipili inauma, embe halina nyuzi, kitunguu kikavu. Anayepiga kelele kwamba vitu vyake ni vizuri, vizuri sana, ndiye unayempita.

Mzee Odera aliyasikiliza yote kumi bila kucheka. Akamgeukia karani wake. "Hajasema hata neno moja la Kiingereza," akasema, "na amekushinda." Kisha akamwambia Kadzo, "Tangu leo, kabla hujaosha bakuli, onja kilichobaki. Usome na karatasi yake. Chai ikipoa haiwezi kuficha kitu."

Hivyo ndivyo Kadzo alivyosomea chai, kwa makombo. Sisi tukishuka kwenda kula mchana, yeye yuko jikoni na kijiko, mbele ya mabakuli mia tatu yaliyopoa, anaonja, anatema, anasoma kikaratasi, anaosha. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari. Upande mmoja aliandika neno la waonjaji, upande wa pili lake mwenyewe. Penye "brisk" aliandika "imeamka". Chai isiyo na uchangamfu "imelala". Nzito mdomoni "ina kifua". Iliyokaushwa kwa moto mwingi "imebabuka". Kuna neno moja lililonishinda mpaka aliponionjesha: "ina jasho". Ni chai iliyofungwa gunia kabla ya kupoa, na ukiionja unajua kabisa hakuna neno jingine.

Lilipojaa daftari la kwanza akanunua la pili. Sasa anayo kumi na moja. Waonjaji wenyewe wakaanza kuyaazima maneno yake, wakisahau walikoyatoa. Nimemsikia mtu mwenye tai akimwambia mgeni kwamba "imeamka" ni lugha ya kitaalamu ya chai. Nilitaka kumwambia ni lugha ya jikoni, lakini birika lilikuwa linachemka.

Mzee Odera alipostaafu na kurudi kwao, alimwachia Kadzo kijiko chake. Sisi wengine tuliachiwa salamu. Mahali pake akaja Bi Nekesa kutoka Bungoma, mwanamke mrefu, mkali, asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza aliuliza kama ile sheria ya neno bado ipo. Tukasema ipo. Akasema ibaki.

Sasa tuje mwaka jana. Nafasi moja ya mwonjaji ilikuwa wazi, na Bi Nekesa akabandika tangazo kwamba kutakuwa na mtihani na yeyote anaruhusiwa kuufanya, wa ndani au wa nje. Kadzo akaenda kumwuliza kama "yeyote" ni pamoja na mwosha vikombe.

"Mtihani hautauliza cheti," Bi Nekesa alimjibu. "Utauliza ulimi. Lakini nafasi ni moja, na ikijazwa imejazwa. Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Saba."

"Basi haitatokea nyingine kabla hujaondoka."

Nilimkuta jikoni baadaye, anasugua bakuli lililokwisha kutakata. Nikamwambia, dadangu, kazi unayo, heshima unayo, ya nini kujitia presha na umri huu? Nilidhani namsaidia.

"Sikiza, Tsofa," akasema. "Kuosha sikuonei haya. Hakuna anayeosha kunishinda. Lakini chai nazijua, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba nazijua. Nikistaafu hivi, nitakuwa nimeondoka na elimu yangu mfukoni kama mwizi."

Nikarudi kwenye mabirika yangu.

Watahiniwa walikuwa watatu. Kadzo, bibi mmoja kutoka kampuni nyingine, na Levi, kijana mwenye shahada ya mambo ya kilimo, mpole, nguo zimenyooshwa. Mabakuli yangekuwa arobaini. Kila mmoja angeandika kwa lugha anayotaka, na atakayefungua mdomo kusema lolote kabla ya kengele angekuwa ametoka.

Na hapa ndipo ninapoingia mimi, natamani nisingeingia. Sisi hatuchemshi maji ya bomba hivi hivi. Tuna mtambo wa kuyachuja, kwa sababu maji yakiwa na chumvi chai haiwezi kusema ukweli. Asubuhi ya mtihani nikaukuta mtambo umekufa. Mapipa ya akiba yalikuwa matupu, na kosa la kutoyajaza lilikuwa langu pia. Zimebaki saa mbili. Ningemwambia Bi Nekesa, mtihani ungeahirishwa na mimi ningesemwa. Nikateremka mbio mpaka Makupa, nikamkuta Gunga muuza maji na mkokoteni wake wa mitungi. Gunga namjua, tumekua pamoja.

"Yakhe, haya ni matamu au ya chumvi?"

"Matamu, ndugu yangu. Wanijua mimi."

Nikainamisha mtungi, nikanywa. Yalikuwa matamu. Nilikunywa tena kuhakikisha. Sikukumbuka kwamba ulimi huu umelelewa kwa maji ya visima vya kisiwa hiki tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Maji yasiyo na chumvi kabisa mimi huona yamepungukiwa. Kumwuliza mtu kama mimi utamu wa maji ni kazi bure, lakini nani angelifikiria hilo akiwa amebakiza saa mbili?

Bi Nekesa alinikuta nawasha mabirika. Alikuwa na mafaili mikononi na kalamu mdomoni.

"Tsofa, maji yakoje leo?"

"Mazuri, madam."

Akapita. Nimelitamka neno lenyewe, ndani ya chumba chenyewe, na hakuna aliyeniambia nikaoshe. Laiti angenishika pale pale akaniuliza mazuri vipi.

Mtihani ukaanza. Nilisimama karibu na mlango wa jikoni nikiwa na wasiwasi kama mzazi. Levi alikwenda kwa mwendo wa haraka, funda, tema, andika, na nilimwona akikunja uso kila baada ya bakuli. Yule bibi naye vivyo hivyo. Kadzo alionja bakuli la kwanza kwa kijiko cha Mzee Odera. Akaonja la pili, la tatu. Hakuandika. Akaenda mpaka mwisho wa meza, mabakuli yote arobaini, akarudi mwanzo, karatasi bado nyeupe. Nikajua ameingiwa na hofu. Nikaanza kumlaumu moyoni, halafu nikajilaumu kwa kumlaumu.

Akasubiri. Wenzake walipokuwa wanamaliza, yeye alikuwa amesimama tu, anaacha chai ipoe. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mwonjaji akikifanya. Alilinyanyua bakuli, akaliinamisha kidogo, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani pale chai ilipokuwa imeishia. Akakitazama kidole chake. Akanyanyua bakuli la pili, na la tatu, akafanya vile vile. Kisha akaweka kijiko chini na kuifunga kalamu.

"Bi Nekesa, niwie radhi. Siwezi kuandika."

Levi akainua kichwa. Bi Nekesa hakuinua sauti. "Sheria umezisikia, Kadzo. Umesema, umetoka."

"Nimezisikia. Lakini nikiandika ninayoyaonja hapa nitakuwa nazisingizia chai za watu. Zote arobaini zimelala. Ya Kericho imelala, ya Kirinyaga imelala, ya Nandi imelala. Hazikukubaliana zilale siku moja. Kasoro haiko kwenye chai. Iko kwenye maji."

"Niliyaulizia maji asubuhi," Bi Nekesa alisema. "Wewe umejuaje?"

Kadzo akamnyooshea kidole chake. Kwenye ncha kulikuwa na utando mwembamba wa kahawia. "Miaka ishirini na minane naosha mabakuli ya hapa. Utando huu sijapata kuuona hata siku moja. Nyumbani kwangu nausugua kila asubuhi kwenye sufuria ya chai, kwa majivu, na hauishi. Haya ni maji ya kisima. Na si kisima chochote, ni cha kwetu Bondeni. Nayapigia mswaki, nayajua."

Levi akasema kwa heshima kwamba yeye pia ameona chai zimefifia, lakini amezichukulia zilivyo. Bi Nekesa akageuka taratibu mpaka macho yake yakanifikia.

"Tsofa. Uliniambia maji mazuri."

Sitasema uongo kwamba nilikuwa shujaa. Nilifikiri kusema mtambo unafanya kazi, na labda ningeaminiwa, kwa sababu kati ya neno la mtu wa miaka thelathini kwenye mabirika na kidole cha mwosha vikombe, watu wengi wangechagua langu. Halafu nikauona mkono wa Kadzo juu ya meza. Kidole chenye utando kilikuwa bado kimenyooshwa. Amejitoa kwenye mtihani wake wa pekee kwa ajili ya chai za watu asiowajua, na jibu lake niko nalo mimi peke yangu.

"Nilisema mazuri," nikajibu. "Ni ya mkokoteni. Mtambo umeharibika na sikusema."

Bi Nekesa akaniamuru nimpigie Gunga simu, sauti itoke nje wote wasikie. Gunga akajibu kwa furaha. Nikamwuliza yale maji ya asubuhi aliyateka wapi.

"Bomba limekauka tangu juzi, yakhe," akasema. "Hayo nimeteka Bondeni, nyuma ya msikiti. Lakini ni matamu, ama siyo?"

Nikakata simu. Nilitamani sakafu inimeze.

Bi Nekesa alikwenda ofisini kwake akarudi na chupa mbili za maji yake ya kunywa, akanipa nichemshe. Chai ya Nandi, ile ile, ikapimwa mara mbili, moja kwa maji ya chupa, moja kwa maji yangu. Dakika sita hazijawahi kuwa ndefu namna ile. Mabakuli yalipowekwa bega kwa bega hapakuhitajika hata kijiko. Moja lilikuwa jeusi lenye usingizi. La pili lilikuwa jekundu linalong'aa kama sarafu mpya. Kadzo akaonja hili la pili. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka.

"Hii imeamka," akasema. "Ina kifua cha wastani, inashika ulimi pembeni, halafu inaachia. Majani yamenyaushwa kwa haraka kidogo, lakini haina jasho. Ningeiacha mpaka kesho asubuhi nikaionja baridi, ingesema vivyo hivyo."

Bi Nekesa akaonja. Levi akaonja, na nampa haki yake: alichukua karatasi yake iliyojaa mistari arobaini, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nilikuwa nimeandika kwamba hii imekufa," akasema.

Bi Nekesa alisimama kitambo akitazama mabakuli yote. "Nilikataza kusema ili msiibiane majibu," alisema mwishowe. "Hujamwibia mtu hapa. Mtihani umefutwa. Utarudiwa Jumanne kwa maji ya kweli, na wote watatu mtakaa." Halafu mimi nikaitwa ofisini, na yaliyosemwa huko yabaki huko. Niseme tu kwamba mabirika bado ni yangu, na mapipa ya akiba sasa huyajaza mpaka yamwagike.

Jumanne Kadzo alikaa. Maji niliyachuja mara mbili, nikayaonja, kisha nikampa Levi ayaonje, yeye ni wa Vihiga, ulimi wake haujui chumvi. Kadzo alionja chai ikiwa moto, akaandika. Akasubiri ipoe, akaonja tena, akaandika tena. Kwenye bakuli la kumi na saba aliandika kwamba ni chai ile ile ya bakuli la nne, na kweli Bi Nekesa alikuwa ameiweka mara mbili kwa makusudi. Wengine hawakuiona. Katika mabakuli arobaini alipishana na Bi Nekesa katika matatu tu, na kwenye moja kati ya hayo Bi Nekesa alionja upya akabadilisha lake.

Matokeo yalisomwa Ijumaa, kazi za siku zikiwa zimekwisha, sote tumesimama kuizunguka meza. Nafasi ni ya Kadzo. Levi angechukuliwa kama mwanafunzi, na angefundishwa naye. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na siwezi kukuambia nilikuwa najivunia nini, kwa sababu sehemu yangu katika ushindi ule ilikuwa kuuharibu. Lakini nilijivuna. Bi Mwanaesha alikuwa ameletwa kwa teksi na kukalishwa kiti cha mkurugenzi, na alikuwa akijipepea kwa daftari la kwanza kabisa, lile la mwaka 1996.

Bi Nekesa akampa Kadzo fomu yake iliyotiwa sahihi na muhuri. Kadzo akavaa miwani, akaisoma yote, juu mpaka chini, kama anavyosoma vikaratasi vya chai. Alipofika mahali pa maoni ya mtahini akasimama. Akairudisha fomu mezani, akaigeuza imwelekee Bi Nekesa, akaweka kidole.

Niliinama nikaona. Kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wake mrefu, mkuu wa waonjaji alikuwa ameandika neno moja: "Good."

Hakuna aliyecheka mara moja. Tulikuwa tunamwogopa. Bi Nekesa alilitazama neno lile, akachukua kalamu, akalikata kwa mstari. Kalamu ikabaki hewani. Akamtazama Kadzo, akaitazama karatasi, akataka kuandika, akaacha. Nilidhani atatupa moja ya yale maneno yake makavu. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nimetafuta tangu jana," akasema. "Kila nililolipata lilikuwa dogo."

"Utalipata, madam," Kadzo akamjibu. "Mimi la kwangu limenichukua miaka ishirini na minane."

Bi Nekesa akavua saa yake, akaiweka juu ya fomu. Akakunja mikono ya blauzi mpaka viwikoni, akaelekea jikoni. Pale ndipo chumba kilipolipuka kwa vicheko. Mimi sikungoja kuambiwa, nilikuwa na deni la "mazuri" lililolala tangu wiki iliyopita. Nikamfuata. Mabakuli ya siku ile yalikuwa mia tatu na kumi.

Tuliosha, yeye akisugua, mimi nikisuuza. Kadzo alikuja akasimama mlangoni, kijiko cha Mzee Odera kikiwa kimechomoza kwenye mfuko wa koti jeupe alilopewa siku ile ile. Aliinua bakuli moja kutoka kwenye rundo tulilolimaliza, akaliinamisha mwangani, akapitisha kidole ukingoni. Kisha akalirudisha ndani ya maji, mbele ya Bi Nekesa.

"Hili bado," akasema. "Rudia."

Bi Nekesa akarudia.